Makorongo wa Mayu

Jumanne ile, kabla mizani haijatundikwa Mwaloni,
Mayu aliinama kuokota kichwa cha sangara
na hakuinuka.
Mkono wa kushoto, alisema, umejaa mchanga.
Wauza mapanki wenzake wakampandisha kilimani Bugando
kwa bajaji inayonuka samaki.
Mimi nilikuwa ghorofa ya chini, maabara,
napaka rangi damu za watu
bila kujua ijayo ni ya nani.

Kioo chake nilikisoma mwenyewe.
Jina nililiona baadaye: Kabula Lugodisha, miaka 58.
Chembe nyeupe zilikuwa nyingi kupita kiasi,
viini vyake vina mapingili kama muwa,
na nilijua zinakokimbilia:
kipande cha moyo kilichonyimwa damu tangu alfajiri,
upana wa kiganja cha mtoto.

Hizi ndizo zinazotangulia.
Hazibishi hodi.
Zinavunja kilichokufa
na, kwa pupa, kidogo cha kilichokuwa hai;
msaada wa jirani mwenye shoka
nyumba inapoungua.
Kisha zinakufa palepale, maiti juu ya maiti.

Siku ya tatu akauliza:
"Mle ndani kunaendelea nini?"
Daktari alikuwa amesema uvimbe, yeye akadhani jipu.
Nikatafuta pa kuanzia. Nje ya dirisha
korongo alikuwa ametua juu ya tangi la maji,
upara, mfuko unaning'inia shingoni,
amesimama kama karani wa ushuru.
Nikasema, unawajua wale wa Mwaloni.
Akasonya.
Miaka ishirini anawarushia mawe.

Nikamwambia wapo wa namna hiyo ndani yako,
walaji wakubwa. Wengi walikuwa wamejihifadhi
kwenye bandama, wakingoja kitu kife.
Sasa wameshuka na damu.
Wanameza nyama iliyokufa, wanameza na wale waliotangulia;
wasipokula, uozo haupoi,
na moyo unaweza kupasuka.
Wengine hawakutoka popote.
Walikuwamo tangu ulipokuwa tumboni kwa bibi,
hawajawahi kuhama.

"Kwa hiyo nina makorongo moyoni."
Unao, Mayu.
"Na wakishiba?"

Nikanyamaza.
Swali hilo linawakesha watu
wenye hadubini kubwa kuliko yangu.
Wakishiba vizuri, nikasema, hubadilika:
mlaji yuleyule anageuka fundi,
anawaita wafuma nyuzi, anaagiza kiraka.
Lakini wapo wasioondoka.
Karamu imekwisha, wao bado wanadonoa,
ukuta unakuwa mwembamba,
moyo unalegea kama kapu la zamani,
na miezi ikipita mtu anaanza kuvimba miguu.
Sijui wako ni wepi.
Vidonge vinawasihi tu.

Hakulia. Aliomba chumvi kwenye uji, nikamkatalia.

Na kiraka hakidundi. Hilo sikumficha.
Moyo hauchipui kama mkia wa mjusi.
Palipokufa panabaki kovu,
gumu, jeupe, limeshikilia tu
huku kuta nyingine zikifanya kazi yake.
"Kama baba yako," akasema,
akacheka mara ya kwanza tangu Jumanne,
akajishika kifua,
na mimi nikaitazama mashine ukutani
mpaka mstari ulipotulia.

Septemba amerudi mezani kwake.
Ndoo anabebewa, mdomo hajapunguziwa.
Mapanki yamepangwa, miiba ikielekea ziwani,
na korongo anakuja, polepole,
miguu myeupe kwa kinyesi chake mwenyewe.
Mkono wa Mayu unapapasa chini ya meza,
unalipata jiwe, unalipima uzito.
Mkono wa pili unamtupia kichwa cha sangara.

"Kula," anamwambia. "Kula uondoke."

Jiwe hajaliweka chini.